Fizi Nyeupe

"Inua huo mdomo ujionee," alisema Daktari Menon.

Rhonda Pasco aliuinua kwa kidole gumba. Fizi za mbwa hutakiwa kuwa nyekundu. Hizi zilikuwa nyeupe pe. Alibonyeza, akasubiri damu irudi mahali pake, akasubiri tena. Hakuna kilichorudi.

"Wa tatu wiki hii," daktari alisema. "Wawili wameshazikwa."

Rhonda alikuwa mkaguzi wa wanyama wa halmashauri yetu ya Wirrabilla kwa miaka kumi na tisa, na kazi yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa kufukuzana na ng'ombe barabarani na kuwatoza faini watu wasiofunga mbwa wao. Mambo kama haya hakuwahi kuyaona. Mbwa wa Gary Stroud, mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, alikufa Jumanne. Mbwa wa karani wa posta alikufa jana, Jumatano. Huyu aliyelala mezani aliitwa Pip, mbwa mweusi wa kuchungia kondoo, na alikuwa bado anapumua. Mwenye mbwa, Nerida Folwell, alisimama ameushika mguu wa nyuma wa Pip kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Nerida alikuwa na kondoo mia nne na mume aliyelala makaburini mwaka wa pili sasa. Watoto walimshauri auze shamba, akawaambia yeye na Pip wanatosha. Na kweli walitosha. Bila Pip hakuna shamba, na mji mzima ulilijua hilo.

"Anakula nini?" Rhonda aliuliza, kalamu mkononi.

"Hali. Tangu juzi biskuti zake hata kuzinusa hataki. Anakunywa mchuzi wa mifupa tu, nauchemsha mwenyewe, namnywesha kwa kijiko asubuhi, mchana na jioni." Alimgeukia. "Rhonda, nenda kamkamate Clem Vidler. Nyie watu wa halmashauri mnangoja nini? Mpaka afe huyu pia?"

"Naanza naye leo. Jumatatu Pip alikuwa wapi?"

"Malishoni na mimi. Uzio wetu na wa Clem ni mmoja. Unataka nini zaidi?"

Rhonda aliandika yote, Jumatatu, uzio, biskuti, mchuzi wa mifupa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake na ndiyo ilikuwa sifa yake, kwamba aliandika kila kitu.

Daktari Menon alimvuta pembeni, akafunga mlango.

"Tangu juzi nampa dawa ya kupinga sumu ya panya," alisema kwa sauti ya chini. "Mji mzima umenijaza masikio kwamba kuna mtu anatega sumu, na mimi nikaamini. Majibu yamerudi asubuhi hii. Sumu ya panya huzuia damu kuganda, na yake inaganda vizuri kabisa. Si sumu ya panya."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Lakini sikiliza. Jana kipimo cha damu yake kilikuwa ishirini na sita. Leo ni kumi na tisa. Mbwa mzima ana arobaini na kitu. Ingekuwa sumu aliyokula mara moja, ningetegemea sasa ianze kutulia. Hii inaporomoka." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kuna mtu bado anampa kitu."

Rhonda aliziandika namba zote mbili.

"Ikishuka chini ya kumi na tano?"

"Ndipo tunaanza kuomba Mungu."

Daktari alikuwa peke yake wiki ile, na huko mtoni kulikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa tangu alfajiri. Alipanga kumtazama ng'ombe, arudi aweke damu ya Pip chini ya darubini, na saa tisa Pip aletwe apimwe tena. Nerida hakutaka hata kusikia habari ya kumwacha mbwa kwenye kizimba cha chuma.

"Basi mfungie ndani," Rhonda alimwambia Nerida alipokuwa anambeba Pip kwenda garini. "Asitoke nje. Asiokote kitu. Mgeni asimkaribie."

"Atakaa jikoni na mimi," Nerida alisema. "Pale hata nzi hamgusi."

Saa nne Rhonda alikuwa langoni kwa Clem Vidler, mbele ya kibao chenye fuvu la kichwa na maneno SUMU YA MBWEHA. Clem alikuwa na kibali. Alikuwa pia na ulimi, na mwezi uliopita alisimama baa akasema mbele ya watu ishirini kwamba mbwa wa Stroud akirudi kwa kondoo wake, atamlaza.

"Umechelewa," alisema Clem. Alikuwa mzee mwembamba, suruali imeshikwa kwa kamba. "Nilikutegemea tangu juzi."

"Ulisema utamlaza, Clem."

"Nilisema. Na ningemlaza kwa risasi, mchana kweupe, Stroud mwenyewe akiwa anatazama, na sheria ingekuwa upande wangu. Kutega nyama gizani? Mimi?" Alitema mate. "Nimekuwa mtu mbaya hapa miaka arobaini, na ubaya wangu wote nimeufanya waziwazi."

"Nionyeshe mitego."

Walizunguka kwa pikapu ya Clem malisho yote sita. Kila penye kijibendera chekundu alichimba kwa koleo mpaka nyama ikaonekana, kavu, haijaguswa. Rhonda alichuchumaa kila mahali, akapiga picha, akatafuta nyayo. Hakuna mbwa wala mbweha aliyefukua. Jua lilikuwa limepanda na nzi walikuwa wanamwingia puani.

"Wa Stroud alikufaje?" Clem aliuliza, ameegemea koleo.

"Alilala. Siku mbili amelala, anakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, halafu akaacha kupumua."

"Hakukimbia?"

"Hakukimbia."

"Hakupiga mayowe?"

Rhonda alitikisa kichwa. Anayekula sumu ya mbweha hukimbia kama mwendawazimu, hupiga mayowe, na hafiki kesho. Clem alilijua hilo, na alijua Rhonda analijua.

"Sasa umekuja kufanya nini kwangu, dada?"

"Nikiulizwa niseme nilikuja." Alifunga daftari. "Clem, Gary amewaita watu. Saa tisa, pale kwenye banda la zimamoto. Anasema wanakuja kuzungumza nawe kwa upole."

"Upole wa Gary naujua."

"Nenda mjini kwa dada yako leo."

"Nihame kwangu kwa sababu ya mbwa ambao sikuwaua? Waje. Nitawachemshia chai." Lakini alipojaribu kuwasha kiko, kiberiti kilimzimikia mara tatu, na Rhonda akaangalia pembeni ili asimwaibishe.

Alikuwa ameketi garini, anatafakari atamhoji nani tena, simu ilipolia. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

"Nimeweka damu chini ya darubini," alisema Daktari Menon. Alikuwa anahema. "Chembe zake nyekundu zina vipele, Rhonda. Karibu kila moja ina chunusi, halafu inapasuka. Nilipaswa kuangalia tangu siku ya kwanza, lakini nilishajiaminisha ni sumu ya panya, nikawa natafuta hiyohiyo. Mimi ni mpumbavu."

"Jitukane baadaye. Nini kinafanya hivyo?"

"Vitu vya nyumbani. Vile vidonge vya kufukuzia nondo kabatini. Sarafu akiimeza. Vitunguu, viwe vibichi au vya kupikwa, ni mamoja. Na haviui siku hiyo. Damu inapasuka polepole, siku mbili, tatu, ndipo mwenye mbwa anaona amelegea. Tumewauliza watu siku isiyo yenyewe."

Rhonda alipekua daftari. Kurasa tisa za Jumatatu. Nani alipita Jumatatu, gari gani lilisimama, nyama gani iliokotwa. Kurasa tisa za bure. Alihesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka Jumanne, akafika Jumamosi.

Akageuza gari.

Mbele ya banda la zimamoto pikapu tatu zilikuwa zimeshafika. Gary Stroud alikuwa amesimama katikati ya wenzake, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, macho yamemvimba. Nyie mnaomcheka mtu mzima anayemlilia mbwa, hamjawahi kuwa na mbwa.

"Kama umekuja kutuzuia, rudi," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Jumamosi mbwa wako alikuwa wapi?"

"Jumamosi? Mbwa kaugua Jumatatu, we unaniuliza Jumamosi?"

"Jibu tu, Gary."

"Alikuwa na mimi uwanjani. Tulikuwa tunachoma soseji za kuchangia matairi ya gari la zimamoto. Mji mzima ulikuwepo. Wewe mwenyewe ulikula mbili."

"Tatu."

"Haya, tatu." Mmoja wa wale wanaume alicheka, akajutia. "Ndiyo maana ziliisha. Hata saa saba haijafika zimekwisha, watu wakanijia juu, karani wa posta akaniita bahili mbele ya watoto."

"Mbwa wako alikula nini siku hiyo?"

"Mabaki ya soseji, kama kila mwaka. Tukimaliza tunakwangua bamba la kuchomea, tunajaza makopo ya aiskrimu, tunayaandika MBWA, mwenye mbwa anabeba lake. Hakuna kinachotupwa." Stroud alipangusa macho. "Alifurahi sana. Alilamba kopo mpaka akalisukuma nje ya geti."

Kalamu ya Rhonda ilisimama.

"Gary. Soseji ziliisha kabla ya saa saba."

"Nimekwambia."

"Zikaisha zote."

"Zote! Sikubaki hata na yangu."

"Sasa mabaki ya soseji yalitoka wapi?"

Stroud aliwatazama wenzake.

"Vilikuwa... vitunguu," alisema Stroud polepole. "Vitunguu na mafuta. Tulikata gunia zima, soseji zikaisha, vikabaki vile vilivyokwisha kukaangwa. Lakini Rhonda, hivyo ni vitunguu tu. Kitunguu si kitu."

Na hapo ndipo penyewe. Kwetu kitunguu hakitajwi. Ukiomba soseji unapewa mkate, soseji na kitunguu, na hakuna mtu tangu tuzaliwe aliyesema nimekula soseji na kitunguu. Kiko kwenye kila sufuria na hakimo kwenye jibu la mtu yeyote. Rhonda alikuwa ameuliza watu kumi na mmoja mbwa wamekula nini, na kumi na mmoja wamejibu kwa moyo mweupe bila kukitaja.

"Kinapasua damu ya mbwa," alisema. "Pole, Gary."

Stroud aliketi kwenye ngazi ya banda. "Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Kwa mkono huu."

"Makopo yalikuwa mangapi?"

"Matatu. Langu, la posta, na la Nerida. Nerida alisema Pip ana tumbo dogo, hatampa yote kwa pamoja. Atayagandisha, awe anampa kidogo kidogo."

Rhonda alifungua ukurasa wa asubuhi. Yalikuwepo kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno matatu aliyoyaandika na kuyapita. Mchuzi wa mifupa.

Asubuhi, mchana na jioni.

Alitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini, na Nerida alikuwa mtu wa kula mchana kwa kuchelewa.

"Waambie hawa warudi kwao," alimwambia Stroud akiwa anakimbilia gari.

"Niwaambie nini?"

"Hicho ulichoniambia mimi!"

Alipiga simu kwa Nerida huku anaendesha. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Barabara ya kwenda kule ni ya vumbi na ina mageti mawili, na kwetu geti unalolikuta limefungwa unalifunga nyuma yako, hata nyumba ikiwaka moto. Siku ile Rhonda aliyaacha wazi yote mawili. Simu iliita mara ya tatu, ya nne. "Pokea, mama," alisema peke yake. "Pokea, pokea, we mwanamke, pokea!"

Hakubisha hodi. Nerida alikuwa ameketi sakafuni jikoni, kichwa cha Pip mapajani, bakuli kando. Simu ilikuwa inatetemeka mezani.

"Shh," alisema Nerida bila kuinua macho, kijiko hewani. "Anakunywa."

Rhonda alimpokonya kijiko. Mchuzi ukamwagika kwenye sketi, na harufu ikapanda, tamu, nzito, harufu ya kila nyumba njema ya wilaya hii.

"Una wazimu?" Nerida alipiga kelele. "Siku nzima hajanywa vizuri hivi!"

"Kopo liko wapi? Lile la Jumamosi?"

"Kopo gani?"

Lilikuwa kwenye sinki, limeoshwa, maandishi ya MBWA bado yanasomeka. Rhonda alilinyanyua. Hakujua aseme vipi, kwa hiyo akasema moja kwa moja.

"Vitunguu, Nerida. Ndivyo vilivyowaua wale wawili. Vinapasua damu. Unamwekea kwenye mchuzi."

Nerida alimtazama kama haelewi lugha.

"Ni vya ladha tu," alisema. "Mifupa mitupu alikuwa anaikataa. Nikatia vitunguu, akanywa." Macho yake yalikuwa kwenye kopo. "Nikaongeza. Akanywa zaidi. Nilifurahi, Rhonda. Nilikuwa nafurahi."

"Leo amekunywa kiasi gani?"

Nerida aligeuka kutazama sufuria juu ya jiko. Rhonda aliifuata, akaiinamisha akaangalia ndani. Ilikuwa imebaki mifupa mitupu.

Walimbeba kwenye blanketi. Nerida alikaa kiti cha nyuma, Pip amemlalia, na Rhonda aliendesha huku anampigia daktari aandae kila kitu. Kwenye kioo aliona Pip anainua kichwa, kwa shida, anaanza kulamba vidole vya Nerida. Vilikuwa na harufu ya mchuzi. Nerida alivivuta kama vimeungua, akavikalia, na hivyo ndivyo alivyokwenda mpaka mjini, amekalia mikono yake, machozi yanamtiririka na hana cha kuyafutia.

Kipimo kilisema kumi na tatu.

"Anahitaji damu," Daktari Menon alisema, na wakati huohuo alikuwa anapiga mluzi kuelekea chumba cha nyuma. Alitoka mbwa wake, mstaafu wa mbio, mrefu, mwembamba, mpole, akapanda mezani mwenyewe kama mtu aliyezoea kinyozi. "Huyu ameshawaokoa wanne. Tumshukuru baadaye. Rhonda, shika hapa. Nerida, kaa pale."

Nerida alikaa pale. Damu ilitoka kwa mmoja ikaingia kwa mwingine, tone kwa tone, na kila robo saa daktari aliinua mdomo wa Pip akatazama, akaushusha, bila kusema alichoona. Rhonda alikuwa ameona ajali za malori, lakini robo saa hizo zilimtoa jasho kuliko lori lolote. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja, daktari aliinua mdomo akauacha juu muda mrefu.

"Njoo uone," akasema.

Zilikuwa na wekundu. Si mwingi. Kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na soksi nyekundu.

"Sitakuahidi kesho," daktari alimwambia Nerida. "Hivyo alivyokunywa leo bado vimo ndani, kutakuwa na kushuka tena. Lakini akianza kula, nitalala usingizi. Tumjaribu."

Alileta bakuli, akampelekea Pip mdomoni. Pip akageuza kichwa. Rhonda akajaribu kwa kidole. Pip akafumba mdomo, macho yake yakatafuta chumbani mpaka yakampata Nerida ukutani.

"Mpe wewe," daktari alisema.

"Mimi sitampa kitu tena maisha yangu."

"Basi hatakula, Nerida."

Alisimama. Alikwenda kwenye sinki akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akanusa mikono, akanawa tena, akanusa, akanawa mara ya tatu. Halafu akaja mezani.

"Humo mna nini?"

"Wali na kuku."

"Na nini?"

"Maji."

"Kuku kapikwa na nini?"

"Na maji hayohayo."

"Chumvi?"

"Hakuna."

"Daktari, niapie."

Daktari Menon aliapa kwa mama yake. Nerida alichota punje chache kwa ncha za vidole. Nusu ya wali ilidondoka mezani. Alisogeza kilichobaki, akasimama nusu njia, hakuweza kufika.

Pip alijivuta kidogo, akafungua mdomo, akala. Hakuuliza kitu.